Upanga wa Shirazi ya Ruaruke

Nilipokuwa mwanamwali wa kuposwa, pale Mbuchi palikuwa na nyumba moja tu yenye upanga, na mwanamume niliyempenda alizaliwa humo humo. Ningempenda mvuvi yeyote wa jirani, ningeolewa kimya kimya kama dada zangu, na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini moyo haukuniuliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo kama zetu, ila wao waliipaka chokaa mbele. Nyuma hawakupaka. Ukipita njia ya msikitini unaona weupe, ukipita njia ya kisimani unaona udongo mtupu na nyufa zake. Sisi wanawake tulipita njia ya kisimani kila siku, kwa hiyo tuliijua nyumba ile vizuri kuliko wanaume.

Wenyewe walijiita Mashirazi. Walisema mzee wao wa kwanza alitoka Shirazi na upanga kiunoni, akavuka bahari yote, akaja kushuka Mbuchi. Kwa nini mtu mzima na akili zake aiache Kilwa, aiache Mafia, halafu aje achague matope yetu ya mikoko, hilo hakuna aliyeliuliza. Upanga ulikuwepo, na aliye na upanga haulizwi.

Na upanga huo ulikuwa na kazi nyingi. Kila Ijumaa ulipelekwa msikitini, khatibu akaushika mkononi akiwa juu ya mimbari. Kila kijana wa nyumba ile alipooa, aliushika akipelekwa kwa bibi harusi, na joho lake begani. Na Mwingereza alipokuja kutafuta watu wenye asili ili awafanye majumbe, wengine walikesha wakimhesabia mababu zao, lakini mzee wa nyumba ile aliuteremsha upanga ukutani tu, akauweka mezani. Bwana mkubwa akautazama, akakubali kwa kichwa, ikawa imekwisha. Ujumbe ukaingia nyumba ya chokaa.

Wakati ninaousema mimi, yule mzee jumbe alikuwa hoi kitandani, na mlinzi wa upanga alikuwa binti yake, shangazi wa yule niliyempenda, mwenzangu. Mama yule alikuwa hasalimii, anasalimiwa. Ukimwamkia anaitikia akiwa ameshakupita, wewe umebaki unaongea na mgongo. Mtoto wa kaka yake alikuwa amemlea yeye mwenyewe, kwa sababu wazazi walikufa mapema, na mtoto huyo ndiye mwenzangu. Kwa hiyo neno la posa lilikuwa la shangazi mtu.

Mwenzangu alipotuma wazee kuleta posa kwetu, shangazi mtu akaniita kwake kwanza. Nilioga nikasugua miguu mpaka ikawasha. Nilipofika nikamkuta ameketi kitini, na upanga ameulaza chini juu ya mkeka. Mkeka ule nilikuwa nimeusuka mimi. Akasema, “Binti, unauona?”

“Nauona, shikamoo bi mkubwa.”

Hakuitikia. “Bwana harusi wa nyumba hii haendi kwa mkewe bila upanga huu. Na upanga huu haujapata kuvuka kizingiti cha mkata boriti. Unanielewa?”

Baba yangu alikuwa mkata boriti za mikoko. Nilimwelewa sana. Damu ikanipanda mpaka masikioni, nikasema, “Bi mkubwa, hizo boriti zilizoshika paa hapo juu yako zilikatwa na baba yangu.”

“Ndiyo maana zinaliwa na mchwa,” akajibu.

Uongo! Boriti ya mkoko mchwa hana meno nayo, kila mtu wa delta ya Rufiji anajua. Lakini alilitoa jibu lile upesi, bila kupepesa, na mimi nilivyo, hata kwenye hasira najua jibu zuri nikilisikia. Nikamchukia kwa moyo mmoja, na pembeni kidogo nikampenda ulimi wake. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, kwamba ameshaongea na waungwana wa Kisiju wenye binti, na mavuno ya mpunga yakiisha mtoto wake ataoa huko. Nirudi nyumbani, Mungu atanipa riziki yangu.

Nikainama kuaga. Na hapo, macho yakiwa chini ili machozi yasionekane, nikauona ule upanga kwa karibu. Ala yake ilikuwa na bamba la fedha, na kwenye bamba kulikuwa na maua yenye majani manne. Jani la kushoto la kila ua lilikuwa fupi kuliko wenzake.

Machozi yakakauka papo hapo. Maua yale nilikuwa nayajua. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi Ruaruke, alivaa vikuku vya fedha, na utotoni nilikuwa nalala mapajani pake nikivizungusha mkononi mwake. Vikuku vile vilikuwa na ua lile lile na lile jani fupi la kushoto. Na havikutoka Shirazi vikuku vya bibi. Vilifuliwa Bungu, dukani kwa Mhindi, siku za Mjerumani.

Jioni nikamwambia mwenzangu. Yeye alikuwa mtu mpole, mpole wa kuudhi. Akaniambia tumwachie Mungu.

“Mungu tumeshamwachia,” nikamwambia. “Mimi naenda Bungu.”

Nikamuaga mama kwamba napeleka mikeka sokoni, na kweli nilibeba mikeka, maana sikuwa mjinga wa kwenda mikono mitupu. Nikapita kwa mtumbwi kwenye vijito mpaka maji ya chumvi yalipoishia, halafu kwa miguu, mikeka kichwani, na njia nzima najisemea maneno nitakayomwambia shangazi mtu. Mengine yalikuwa mabaya sana.

Yule Mhindi aliyefua vikuku alikuwa amefariki. Nilimkuta mwanawe, naye mzee sasa, amekaa katikati ya kanga na mafuta ya taa, ameacha usonara anauza sukari. Nikamtandikia mkeka mmoja sakafuni kama nauza, nikachukua kipande cha mkaa nikamchorea ua juu yake.

Akacheka. “Jani la kushoto limekuwa fupi.”

“Ndivyo lilivyo.”

“Najua ndivyo lilivyo, mama. Baba alikuwa na jicho moja bovu, la kushoto. Kila ua lake lilitoka hivyo. Mama yangu alimgombeza mpaka akachoka, maana yeye mwenyewe alivaa maua hayo shingoni. Wewe umeliona wapi?”

Nikamwambia juu ya upanga, huku najikausha kama jambo lisilonihusu. Akaweka mizani chini. Upanga ule aliukumbuka, alikuwa kijana anavuta mivukuto ya moto ya baba yake. Aliuleta bwana mmoja wa Mbuchi, mcheshi sana, amefuatana na binti yake mdogo, akataka ala ipambwe fedha na mpini ufungwe upya. Walipoutoa mpini wa zamani, ndani yake yakamwagika makapi ya mpunga, mengi, yamekaa humo miaka.

“Baba akamuuliza, huu upanga umetoka wapi na makapi yote haya? Yule bwana akasema, Ruaruke. Akacheka mpaka akashika mbavu. Sisi tukacheka naye, lakini hatukujua tunacheka nini.”

Na mimi nikacheka. Shirazi gani hiyo inayolima mpunga wa Rufiji? Nikamuuzia ule mkeka wenye ua la mkaa, akaununua hivyo hivyo.

Kutoka Bungu sikurudi kwetu. Nikaenda Ruaruke kwa bibi.

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na bibi alikuwa shambani juu ya dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kuamia ndege na kuzuia nguruwe wasile mpunga. Alikuwa mzee, lakini ngazi ile aliipanda upesi kuliko mimi. Delta hakupata kukanyaga tangu mama yangu aolewe huko, kwa sababu aliogopa maji. “Maji huyanywi, huyaogi, yana mamba, ya nini?” ndivyo alivyokuwa akisema. Kwa hiyo upanga wa Mbuchi hakuwahi kuuona. Nikasimama chini ya dungu nikampigia kelele habari yote, kuanzia chokaa mpaka makapi, naye huku anapiga debe kufukuza ndege. Nilipofika kwenye makapi debe likanyamaza.

“Upanga huo una pengo karibu na ncha?” akauliza.

Nikafikiri. Ndiyo, upanga ulikuwa na pengo karibu na ncha, na watu walisema ulivunjika kidogo hapo kwenye vita vya Shirazi.

Weee! Bibi alicheka dungu likatikisika, nikarudi nyuma nikidhani linaniangukia. “Vita vya Shirazi! Pengo lile ni jino la nguruwe! Huo upanga wa baba yangu! Alikuwa analala nao hapa hapa, kwenye dungu lililokuwa hapa kabla ya hili, nguruwe wakija anashuka nao.”

Nikakaa chini kwenye matuta. Nilikuwa nimetafuta fimbo ya kumpigia shangazi mtu, na sasa nimepewa gogo. Upanga anaoushika khatibu Ijumaa ulikuwa umechinja nguruwe. Toba! Nilifurahi, niseme ukweli, nikaogopa pia.

“Na yeye babu aliutoa wapi?” nikauliza.

“Alipita Mwarabu mmoja ana njaa. Akampa baba upanga, baba akampa mchele. Upanga hauliwi.”

“Na Mwarabu aliutoa wapi?”

“Nani angemuuliza? Alikuwa anatafuna.”

Basi huo ndio mwisho wa nasaba ya upanga ule. Mbele ya huyo Mwarabu mwenye njaa sijui, wala hajui mtu.

Bibi akashuka, akakaa karibu nami, akanieleza ulivyotoka mikononi mwao. Ukoo wao na ukoo wa wale wa nyumba ya chokaa walikuwa watani. Utani mnaujua: mtani wako akifiwa unakwenda kumcheka, kumtukana marehemu, kunyakua kitu cha nyumba na kukaa nacho mpaka wafiwa wakikomboe kwa kuku au mchele. Na mtani hakasirikiwi. Akikukasirisha ukanuna, umeshindwa wewe. Lakini pia mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayewasha moto wenyewe wakiwa wamekaa wamejishika vichwa.

Baba yake bibi alipokufa, watani wakaja. Mmoja akaingia ndani, akautoa upanga uvunguni, akaufunga kiunoni juu ya shuka, akatembea uwanja mzima ameinua kidevu, “Mimi sultani! Nimetoka Shirazi! Nisujudieni!” Watu wakacheka mpaka na mjane akacheka. Ilipofika saa ya kukomboa, kaka zake bibi wakaendeleza mzaha, wakasema, kaa nao sultani wetu, tutakuja kuuchukua siku ya msiba wako. Haikupita muda ikaja njaa, ikaja vita, watu wakatawanyika, yule mtani akahamia delta na upanga wake. Na huko delta hakuna aliyejua kwamba sultani ni mchezo. Watoto wakazaliwa wakaukuta ukutani.

“Yule jumbe wenu mgonjwa ndiye mtoto wa sultani,” bibi akasema. “Siku ile alikuwa anatembea nyuma ya baba yake ameshika mkia wa shuka, ananitolea ulimi. Tulikuwa watoto. Anajua yote yule.”

Nikasimama. Nikasema nakwenda leo hii kumwaga mambo uwanjani, mbele ya msikiti, wasikie wote.

Bibi akanishika kanga. “Ukilisema kwa hasira, wewe ni mchongezi, na umewavunjia watu heshima na sala zao. Watakufukuza, na bwana wako atawafuata wao, maana ndiyo damu yake. Ukilisema kwa utani, ni mzaha. Anayetaka kuamini ataamini, asiyetaka atacheka ale wali aende zake. Ila utani una siku yake. Ngoja.”

“Ningoje msiba? Unawaombea watu mauti, bibi?”

“Simwombei mtu. Nimehesabu tu nywele nyeupe, zake na zangu.”

Nikarudi Mbuchi nimefunga mdomo. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi kuliko kukata mikoko. Nilimpita shangazi mtu kisimani, nikamwamkia, akaitikia akiwa amenipita, na ulimi nikaung'ata. Mpunga ukazidi kuiva. Wazee wa Kisiju wakaja wakala, wakaondoka wameridhika. Mwenzangu akakonda. Nilikuwa namwona mbali tu, anashona nyavu, na kila wavu ulioshonwa ulinikaribishia harusi isiyo yangu.

Mzee jumbe akafa kabla mavuno hayajaisha. Tukapeleka habari Ruaruke, na bibi yangu, mwoga wa maji, akaja. Aliingia mtumbwini akafumba macho, akakaa hivyo hivyo njia nzima akisoma kila dua aliyoijua na nyingine alizozitunga. Alipoteremka Mbuchi matope yakammeza mpaka magotini. “Ndiyo huku alikokuja kuwa sultani?” akasema. “Masikini.”

Msiba ule ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa. Watu walijaa, lakini kwa adabu ya nyumba ya upanga kila mtu alikaa kimya kama mgeni. Hapana aliyefanya mzaha, hapana aliyegombana na mwenziwe juu ya sufuria. Hawakuwa na mtani hata mmoja, kwa sababu muungwana wa Shirazi atataniwa na nani? Shangazi mtu alikaa ameegemea ukuta wa chumba, macho makavu, tangu siku ya kufa mpaka siku ya tatu ya matanga. Wanawake walinong'ona kwamba hana huruma. Mimi pia nilinong'ona.

Siku hiyo ya tatu, baada ya hitima, bibi yangu akaingia uwanjani. Alikuwa amevaa kofia ya kiume, na mwiko wa pilau ameushika kama bakora ya jumbe.

“Nani kafa hapa?” akapaza sauti. “Mbona hakunuki kitu? Mmemzika na kitunguu? Na wewe mzee,” akalielekea kaburi, “umekimbia kunijibu! Ulinitolea ulimi utotoni, nimekuja kukutolea wangu, umejificha chini! Mwoga kama baba yako!”

Hakuna aliyecheka. Wazee barazani waliganda. Mama yangu akajifunika kanga usoni, nadhani alitaka ardhi impasukie. Lakini tulikuwa tumeshaanza, na bibi alikuwa peke yake pale katikati. Nikaingia ndani, nikautoa upanga ukutani, nikaufunga juu ya kanga yangu. Nikatoka nao. Nikageuza kinu kikalala kifudifudi, nikapanda juu yake.

“Nisujudieni!” nikasema. “Mimi sultani! Nimetoka Shirazi, Shirazi ya Ruaruke, kwenye dungu la babu yangu! Nimepigana vita vikuu, vita vya mpunga! Adui walikuja usiku wakiguna, nikawachinja wote, wenye mikia iliyopinda! Hili pengo la upanga ni la shujaa wao mkubwa, alikufa na jino la upanga wangu! Mmekaa na upanga wa babu yangu, mmeupaka fedha ya Bungu, mkasema wenu! Watani, tumekuja kuuchukua!”

Wengine wakaanza kucheka, wakanyamaza. Wote wakageuka kumtazama shangazi mtu, maana alikuwa ameinuka ukutani.

Nawaambia, sijapata kuogopa hivyo tena, hata uzazi haukuniogopesha vile. Akisema “hawa si watani wetu,” basi mimi ni mwizi niliyeingia nyumba ya maiti na kumtukana marehemu, na kesho niko mbele ya baraza la wazee, na mwenzangu anakwenda Kisiju. Akisema “ni watani,” basi Shirazi imekwisha. Mwenzangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi, mdomo wazi. Shangazi akaja taratibu mpaka kwenye kinu. Akanitazama kutoka chini, mara ya kwanza kunitazama machoni.

“Mjukuu wa mchinja nguruwe wewe!” akasema kwa sauti ya kusikika msikitini. “Shika upanga kwa mikono miwili! Babu yako alikuwa na nguvu, wewe umekondeana kama kamba!”

Ilikuwa matusi. Matusi matamu sijapata kutukanwa! Kumjibu mtani ndiko kumkubali. Bibi yangu akapiga vigelegele na mwiko juu, uwanja mzima ukapasuka kicheko, na shangazi mtu akacheka pia, akacheka kwa kishindo, akashika kinu. Kisha kicheko kikamgeukia kilio. Akaanza kulia, “Baba! Baba wee!” akaanguka, na bibi akamdaka. Akamlilia baba yake kifuani kwa mwanamke mwenye kofia ya kiume. Nami juu ya kinu nikajiona mjinga. Siku zile tatu hakuwa anakosa huruma, alikuwa anakosa mtani wa kumchekesha mpaka aweze kulia.

Alipotulia akapangusa pua, akasema, “Haya watani. Semeni kikombozi.”

“Kuku nimefuga,” bibi akasema. “Mchele nimelima. Tupeni yule aliyesimama mlangoni na ndoo.”

Watu wakacheka tena. Kwa kweli pale hakuna aliyejua kama ni mzaha au ni posa, na hilo ndilo alilolitaka bibi. Shangazi akamtazama mtoto wake, akanitazama mimi na upanga wangu.

“Yule? Mchukueni. Mimi nimemlea, namjua, hajui hata kunoa kisu.”

Ndoo ikaanguka, maji yakamwagikia wazee wa barazani.

Kisiju wakatumiwa maneno ya heshima. Yule binti aliolewa na nahodha baadaye, na nasikia alinenepa. Sisi tukangoja arobaini ipite.

Siku ya kuamkia harusi yangu nilipita njia ya kisimani, nikasikia mtu anasugua kitu nyuma ya ile nyumba. Nikachungulia. Shangazi mtu alikuwa amechuchumaa, amepakata upanga, anausugua kwa udongo, anausuuza, anausuuza tena, vile sheria inavyotaka kwa kitu kilichoguswa na nguruwe. Nikajikohoza. Akaruka.

“Kumbe umeamini,” nikamwambia. “Mimi nilikuwa natania.”

“Nami nafua tu,” akasema, amejaa tope mpaka viwikoni. Kisha akacheka. Akaniambia aliyajua makapi tangu utoto, kwa sababu siku ile Bungu yalimwagikia miguuni pake. Aliuliza, baba yake akamwambia nyamaza, mwanangu, ukikua utaelewa. Alikua, akaelewa, akanyamaza. Akaulinda upanga kwa ukali wote ule, akamtafutia mtoto mke wa mbali asiyemjua mtu wa Ruaruke, mtu asije akaja na kicheko. “Na baba yangu amekufa bila mtu wa kumcheka,” akasema, “mpaka mlipokuja.” Nikachukua kata nikammiminia maji.

Mwenzangu alikuja kwangu na joho na upanga ulio safi kuliko panga zote za pwani. Ijumaa iliyofuata khatibu alipanda mimbari na bakora ya mti. Watu walipouliza, shangazi akajibu kwamba upanga umechoka, umestaafu. Wazee walitazamana, hawakuuliza la pili. Mwingereza hakupata habari, na ujumbe alirithi mtu wa ukoo ule ule, maana serikali ilikuwa imeshaandika. Na upanga ukarudi ukutani, na mimi nikahamia chini yake. Wao wakasema umebaki kwao, bibi yangu akasema umerudi kwetu.

Tukaishi hivyo miaka. Asubuhi shangazi anagonga mlango wangu, “Mjukuu wa mchinja nguruwe, jua limetoka!” Nami namjibu nikiwa kitandani, “Binti wa sultani wa makapi, limetoka kwa nani?” Watoto wangu walijifunza majina hayo kabla ya Alifu Be. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya kuku, juu ya mwenzangu na upole wake, na siku moja nilipofiwa na mtoto wa tatu, yeye ndiye aliyeingia amevaa kofia ya mume wangu akanitukana mpaka nikaweza kulia. Bibi alikuwa ameshakufa. Nani mwingine angenifanyia hivyo?

Shangazi mtu alikwenda mwaka ambao Mwingereza naye alikuwa anafunga mizigo yake. Kabla hajazimika alinivuta sikio. “Usije ukalia kama mkwe,” akasema. “Njoo kama mtani.”

Siku ya tatu nikavaa kofia. Nikautoa upanga ukutani, nikaufunga juu ya kanga, nikageuza kinu, nikapanda. Uwanja ulijaa, watu wameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

“Binti wa sultani wa makapi!” nikaita. “Amka, jua limetoka!”

Watu wakacheka. Mimi nikangoja nitukanwe.